Chenga kwenye projekta ya leza: namna ya kuzipunguza bila kuifungua

Kama una banda la kuonyeshea mpira na umenunua hizi projekta mpya za leza tatu (moja nyekundu, moja kijani, moja bluu), picha ikaja na chenga, vile vipunje vinavyometameta, basi haya maelezo ni yako, na kama hujanunua bado ndo usome kwa makini zaidi. Mi niko Mtwara mjini, banda langu lipo Chikongola, kibanda umiza cha kawaida tu, mabenchi ya mbao na bati juu, msimu wa korosho kinajaa mpaka watu wanaangalia wakiwa mlangoni, miezi mingine tunaangaliana wenyewe kwa wenyewe. Miaka yote nilikuwa na projekta ya taa, taa ikifa unaanza kutafuta nyingine, huipati, unaagiza Dar, inakuja na basi siku ambayo mechi imeshapita, nikachoka nikajichanga nikachukua ya leza iliyotumika. Siku ya kwanza naiwasha ilikuwa Simba na Yanga, watu wamejaa, kuna babu mmoja jirani anakaaga benchi la mbele, akaangalia kama dakika kumi hivi akageuka akaniita, "Mjukuu wangu, picha ina chenga hiyo, hebu panda juu kazungushe antena." Banda zima likacheka. Mi sikucheka maana chenga nilikuwa naziona, tena upande wa jezi nyekundu ndo zilikuwa zinawaka kama mchanga wenye chumvi.

Siku tatu nilizipoteza bure. Nikafuta lenzi, nikahangaika na fokasi, nikabadilisha waya wa HDMI, nikampelekea fundi mmoja akaniambia bila hata kuifungua kwamba ndani kumeungua niandae hela. Hakukuwa kumeungua kitu. Hizo chenga zinazaliwa na leza yenyewe ikigonga ukuta au kitambaa, projekta nzima inaweza kuwa nzima kabisa na chenga zikawepo, kwa hiyo kabla hujampa mtu hela yako anza na kitu ambacho projekta inakipiga, yaani skrini.

Kwanza hakikisha ni chenga za leza kweli

Kuna vitu vingi vinachafua picha na kila kimoja kina dawa yake, ukichanganya utatibu malaria kwa dawa ya minyoo. Chenga za leza zina tabia zake. Weka picha ya rangi moja tupu, nyekundu yote, hata picha uliyoitengeneza kwenye simu inatosha, simama mita tatu au nne, halafu sogeza kichwa taratibu kushoto na kulia. Zikiwa za leza utaziona zinatembea, zinameremeta kama zinakufuata. Uchafu wa kwenye lenzi hautembei, doti iliyokufa, yaani nukta ya picha isiyowaka, nayo haitembei. Na kuna kituko kingine, asiyeona mbali vizuri akivua miwani anaona chenga zinakimbia kinyume na kichwa chake, na yule asiyeona karibu anaziona zinakwenda upande uleule na kichwa. Mi na mke wangu tulibishana robo saa kila mtu anasema mwenzake anadanganya, kumbe macho yetu ndo tofauti.

Jaribio la pili ndo zuri kuliko yote. Mwenye miwani avue, maandishi kwenye skrini yatafifia, ila chenga zitabaki kali vilevile. Hii ni kwa sababu chenga hazijachorwa kwenye skrini, zinajitengeneza ndani ya jicho lako mwenyewe, jicho halihitaji kufokasi kuziona. Ndo maana kuzungusha fokasi ya projekta siku nzima hakusaidii kitu.

Usizipime kwa kamera ya simu. Tundu la lenzi ya simu ni dogo kuliko mboni ya jicho gizani, na tundu likiwa dogo chenga zinakuwa kubwa, kwa hiyo video ya simu itakutisha bure. Nilimtumia binamu yangu wa Masasi video akasema nirudishe mzigo nilikoutoa, alipokuja mwenyewe akakaa kwenye benchi akasema mbona afadhali.

Sasa ukiona mistari mipana inapanda juu taratibu hiyo ni ya umeme, angalia ethi na jaribu kuchomeka dikoda na projekta kwenye soketi moja. Ukiona mawimbi mawimbi kama kitambaa cha neti kimewekwa juu ya neti nyingine, na ukigusa zumu yanabadilika umbo, hizo ni doti za projekta zinapishana na matundu au nyuzi za skrini, badilisha zumu kidogo au badilisha kitambaa. Hayo mawili hayahusiani na leza, hata projekta ya taa inayo.

Kwa nini leza tu na sio taa

Nitaeleza kifupi ila usiruke, maana ukielewa hapa dawa zote utazijua mwenyewe.

Nenda Mikindani jioni maji yakiwa yametulia, subiri boti mbili zipite. Wimbi la boti hii likikutana na la ile, pengine mgongo unakutana na mgongo maji yanapanda mara mbili, pengine mgongo unaangukia kwenye bonde maji yanakuwa bapa kama hakuna kilichopita. Mwanga nao ni mawimbi na unafanya hivyohivyo. Tofauti ni kwamba taa ya kawaida ni kama kelele za stendi, kila mtu anapiga yake, mchanganyiko unakuwa mngurumo mmoja uliosawazika. Leza ni ngoma ya sindimba, wapigaji wote wameshika mdundo mmoja. Ukuta au kitambaa hata ukiuona laini kiasi gani, kwa mwanga ni mabonde na milima, maana wimbi la leza nyekundu ya projekta lina urefu wa kama nanomita 638 hivi, kijani kama 520 na kitu, bluu 450 na kitu, yaani hata milimita moja ukiikata vipande elfu moja wimbi halifiki kipande kimoja. Mwanga unaorudi kutoka kwenye kilima na unaorudi kutoka bondeni unafika jichoni umepishana, sehemu unajumlika unawaka, sehemu unafutana panakuwa peusi. Hizo ndo chenga. Sio jambo geni pia, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kule Marekani tarehe 16 Mei 1960, na kufika 1962 watafiti wa Bell Labs walikuwa wameshaandika kuhusu mwanga huu kuonekana una punje punje.

Punje yenyewe ina ukubwa gani? Chukua urefu wa wimbi zidisha kwa umbali uliokaa gawanya kwa upana wa mboni. Mita nne, mboni milimita tatu, nyekundu: inakuja kama milimita 0.85 kwenye skrini. Skrini yangu ina upana wa mita tatu na doti 1920, kwa hiyo doti moja ni milimita 1.5 na kidogo. Yaani ndani ya kila doti ya picha kuna chenga zaidi ya moja, ndo maana uso wa mchezaji unaonekana umemwagiwa mchele wa chenga.

Na sasa kanuni kubwa. Huwezi kuizuia leza isifanye hivi, unachoweza ni kuzipanga picha nyingi za chenga zilizo tofauti moja juu ya nyingine mpaka zisawazike. Jicho linakusanya mwanga kwa kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde kabla halijaona kitu kipya, kwa hiyo zote zikipita ndani ya muda huo linaona wastani. Ila wastani una ubahili wake: chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Picha 4 za chenga tofauti zinakupunguzia nusu tu. Ukitaka robo unahitaji 16. Ukitaka ibaki sehemu moja ya kumi unahitaji 100. Kwa hiyo hatua za mwanzo unaona faida kubwa, baadaye unakomaa sana unapata kidogo, ujue pa kuishia.

Jua ulichonacho

Projekta ya taa na ya LED hazina shida hii ya kukusumbua. Nyingi zilizoandikwa "leza" tu zina leza ya bluu inayopiga gurudumu lenye fosfori ya njano (unga unaotoa mwanga wake ukipigwa na leza), nyekundu na kijani vinatoka kwenye fosfori na sio leza moja kwa moja, hizo chenga ni kidogo sana, utaziona pengine kwenye bluu tupu. Za leza tatu, nyekundu kijani na bluu kila moja leza yake, rangi ni tamu hamna mfano ila chenga ndo nyumbani kwake. Na zile ndogo za mfukoni zinazochora picha kwa kioo kinachocheza, mwale mmoja unakimbia juu ya ukuta, hizo ndo mama wa chenga.

Muuzaji akikwambia zote sawa, muwekee picha nyekundu tupu pale pale dukani, usiweke sinema. Mi sikufanya hivyo. Nyekundu tupu inatumia leza moja, nyeupe inachanganya tatu na chenga za kila rangi hazifanani na za mwenzake zinasawazishana kiasi. Ndo maana shabiki wa Simba aliona chenga kwenye jezi na golikipa mwenye jezi nyeupe akaonekana safi, wa Yanga wakaanza maneno yao hapo kwamba hata projekta inajua.

Skrini, hapa ndo weka nguvu

Mabanda mengi tunatumia benna, ile plastiki ya mabango, kwa sababu ni rahisi na ni kubwa. Upande unaong'aa ni mbaya kuliko vyote kwa leza. Skrini za fedhafedha zinazorudisha mwanga kwa nguvu nazo hivyohivyo, pia zile za bei zilizotengenezwa kuzuia mwanga wa dari, kwenye leza tatu zinazidisha chenga. Sababu ni kwamba mwanga unagonga juu tu unarudi vilevile ulivyokuja na mpangilio wake. Unachotaka ni kitu ambacho mwanga unaingia ndani kidogo, unazunguka zunguka kwenye nyuzi au kwenye chembe za rangi, ndo unatoka. Ukitoka umechanganyikiwa, safari zimetofautiana urefu na hata upande ambao wimbi linacheza umevurugika. Huo mvurugiko wa mwisho peke yake unakupa kama picha mbili za chenga kwa mara moja, kupungua karibu theluthi, na hujalipia kitu.

Nilifanya hivi. Nilichukua vipande vitano vya sentimita 30 kwa 30, benna upande wa mbele, benna upande wa nyuma, shuka ya pamba nyeupe nzito, kitambaa cha marekani kilichofuliwa mpaka kikawa cheupe, na kipande cha plaiwudi nilichopaka rangi nyeupe ya maji isiyong'aa mikono mitatu. Nikavibandika ukutani safu moja, nikapiga nyekundu tupu juu yake, nikakaa mita nne nikawaita watoto wa jirani bila kuwaambia ninachotafuta, nikawauliza tu wapi pana mchanga mwingi. Wote wanne walinyooshea benna ya mbele. Mmoja alikwenda akaigusa kwa kidole akaangalia kidole kama kimeshika mchanga. Nilipouliza wapi pana mchanga kidogo, plaiwudi na shuka ziligawana kura. Marekani haikuwa mbaya ila imebaki na rangi ya krimu, nyeupe haiwi nyeupe.

Mi nikachagua shuka, mbili zimeshonwa pamoja, kwa sababu ya hatua inayofuata ambayo plaiwudi haiwezi. Fremu ya mbao mbili kwa mbili, kitambaa kimevutwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kila sentimita 20 hivi, nyuma nikaweka kitambaa cheusi ili mwanga unaopenya usirudi ukutani. Mipira ni muhimu, usipige misumari kitambaa kwenye mbao moja kwa moja. Utapoteza mwangaza kidogo ukilinganisha na benna, ukubali, projekta za leza zina mwanga wa kutosha ukifunga madirisha.

Itingishe

Skrini ikicheza kidogo, vile vilima na mabonde vinabadilika mwelekeo, kila mara chenga zinajipanga upya, jicho linaona wastani. Wenye majumba makubwa ya sinema yenye leza tatu wanafunga vitetemeshi nyuma ya skrini, sio siri. Kwetu huku nilianza kuona kwa bahati, feni ya pembeni ilikuwa inapuliza shuka ikawa inapepea kidogo sana, nikaona upande ule chenga zimelainika na upande wa pili zipo. Kama huna hela kabisa anza hapo, feni ndogo nyuma ya kitambaa, isipulize mpaka picha inayumba.

Kupepea kwa feni lakini ni kwa taratibu mno, jicho linakimbia kuliko upepo. Unataka mtetemo wa haraka, zaidi ya mara ishirini kwa sekunde, na mdogo. Mdogo kiasi gani, chini ya nusu ya doti, kwangu ni kama nusu milimita, hapo picha haionekani kucheza. Kifaa ni mota ndogo ya pedi ya gemu, zile zenye kijiuma kizito upande mmoja, pedi mbovu zimejaa kwa mafundi simu wanakupa kwa bei ya soda. Za ndani ya simu ni ndogo mno kwa skrini ya mita tatu ila kwa skrini ya chumbani zinafaa, weka mbili tatu.

Umeme ninatumia chaja ya simu ya volti 5 na nimeunga diodi mbili za kawaida mfululizo, zinakula kama volti 1.4, mota inabaki na 3 na ushee, haiungui haraka na haipigi kelele sana. Mota moja nimeifunga nyuma kwenye kitambaa, robo ya skrini kutoka juu kushoto, nyingine chini kulia, kila moja imeshonewa kipande cha ngozi ya kiatu ndo ikafungwa kwa uzi. Usiziweke katikati na usizipange sawasawa, ukizipanga sawa kuna sehemu za kitambaa zinatulia kabisa na hapo chenga zinabaki kama kisiwa. Utajua kwa kuweka nyekundu tupu na kuzisogeza huku na huku mpaka visiwa viishe.

Mi mwanzo nilijifanya mjanja nikafunga mota ya blenda kwenye fremu. Banda zima likanguruma, mabenchi yakawa yanatekenya watu, na wakati mpigaji anaweka mpira kwenye penalti msumari wa juu ukachomoka, skrini ikalala juu ya benchi la kwanza na babu ndani yake. Hakuumia. Penalti tuliiona mgongoni kwake.

Kama una spika ndogo ya redio mbovu nayo inafaa, ibandike nyuma igusane na kitambaa, ipige mlio mmoja mnene wa hezi 40 hivi kutoka kwenye simu. Inafanya kazi ila ule mvumo unachosha, kwenye mechi hausikiki, kwenye tamthilia unakera.

Mabenchi na mahali pa kuifunga

Rudisha benchi la kwanza nyuma. Ukiwa mbali punje moja unayoona inachukua eneo kubwa zaidi la skrini, mwanga wa sehemu nyingi zaidi unachangia punje hiyo moja, kwa hiyo chenga zinalainika. Kwangu mita moja na nusu ya kurudi nyuma ilionekana dhahiri, nikapoteza nafasi ya watu sita hivi, nikalipia kwa kuongeza benchi ubavuni.

Projekta ifungwe juu kwenye kenchi, mwale upite juu ya vichwa. Hapa sifanyi utani, mwanga wa projekta ya leza kwa karibu sio wa kuchungulia, na watoto wana tabia ya kusogea kuangalia "moto unapotokea". Ikiwa juu hawafiki na pia hupati kivuli cha mtu anayekwenda kununua ming'oko nje.

Joto nalo lina mambo yake. Leza nyekundu haipendi joto, ikipata moto inapoteza nguvu kuliko kijani na bluu, picha inaanza kuwa kama ya kijanikijani na unaanza kusukuma nyekundu kwenye menyu, na kusukuma nyekundu ni kusukuma chenga. Safisha kichujio cha hewa badala ya kuhangaika na menyu. Pwani hii vumbi linaingia na unyevu wa chumvi linaganda kama ugali kwenye sufuria, mi nasafisha kila wiki mbili, feni ikianza kulia najua nimechelewa. Na ile modi ya picha iliyokolezwa rangi iache, chukua ya kawaida au ya sinema.

Michirizi na miduara

Hii ni ndugu wa chenga, ileile tabia ya mawimbi kugombana, ila inaonekana kama pete au michirizi iliyopinda. Wengi tunaweka projekta ndani ya sanduku lenye kioo mbele kuzuia vumbi, ni wazo zuri ila kioo cha kawaida cha dirisha kina nyuso mbili na kila uso unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, huo uliorudi unagongana na unaokuja, unapata kivuli cha picha na pengine michirizi. Kiinamishe kioo nyuzi kama 10 hivi kisiwe mkabala na lenzi, kile kivuli kitakwenda kuanguka darini. Kama unapata kioo chenye koti la kuzuia mng'ao, kama la miwani, bora zaidi. Plastiki ngumu usiweke kabisa, leza inatoka na mpangilio wake wa wimbi kucheza upande mmoja na plastiki iliyokunjwa au kukatwa kwa moto inauvuruga bila usawa, unaona mawingu ya rangi kwenye picha nyeupe. Nimeona banda moja huko Lindi wamefunga lenzi na nailoni ya kufungia chakula, walikuwa wanalalamika projekta imetiwa maji.

Pete ndogo ndogo zisizotembea mara nyingi ni punje za vumbi kwenye vioo. Zilizo nje ya lenzi zipulize kwa kile kipira cha kupulizia, kisha kitambaa laini cha miwani chenye tone la spiriti, kutoka katikati kwenda nje. Usipulize kwa mdomo, mate ni mate. Zilizo ndani ziache.

Kwa wanaotengeneza ya kwao

Kuna vijana wa ufundi hapa mjini wananiulizaga kuhusu kujenga projekta yao kwa leza, basi njia yenu ni difyuza inayozunguka, na ndo wanayotumia viwandani kwa namna mbalimbali. Ni kioo au plastiki iliyokwaruzwa kama kioo cha bafuni, mwanga wa leza unapita ndani yake kabla ya kufika kwenye chipu ya picha (ile inayochora picha ndani ya projekta), ikizunguka kila kipande chake kinaleta chenga mpya. Chukua ile sahani angavu isiyo na rangi inayokaaga juu ya rundo la CD tupu, isugue kwa msasa laini wa maji kwa mwendo wa duara mpaka iwe na ukungu sawa kila mahali, iweke kwenye mota ya CD. Ikwaruze kidogo tu, ukizidisha mwanga unatawanyika nje ya lenzi unabaki na giza. Na iwe kabla ya chipu, kamwe isiwe baada, ukiiweka njia ambayo picha imeshapita umejitengenezea ukungu. Mbili ni bora kuliko moja, moja imesimama na nyingine inazunguka karibu yake. Njia nyingine ni leza kadhaa za rangi moja zilizopishana nanomita chache, kila moja na chenga zake, mbili mpaka nne tu unaona tofauti.

Jaribuni kwa leza isiyozidi miliwati 1 na ukuta, sio kwa leza iliyotolewa kwenye projekta. Ndani ya projekta kuna wati kadhaa, miliwati 500 tu ndo mwanzo wa daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari, hata mwanga uliorudi kutoka kwenye bisibisi unaharibu jicho kabla hujapepesa. Ndo maana kichwa cha habari kinasema bila kuifungua. Na kama chenga zako zilikuwa za kawaida halafu ghafla siku moja zimekuwa mara mbili, hapo inawezekana difyuza yake ya ndani imekwama, hiyo mpelekee fundi anayejua leza na umwambie hivyohivyo, usimwachie abahatishe.

Kwangu sasa hivi shuka ipo, mota mbili zinanguruma polepole, benchi limerudi nyuma. Chenga zipo bado ukizitafuta kwenye nyekundu tupu, kwenye mpira huzioni mpaka uambiwe. Mota za pedi zinaota kutu kwa hewa ya bahari, hazimalizi miezi mitatu, kwa hiyo nina nne akiba kwenye kopo la rangi nimezipaka grisi. Babu siku hizi anakaa benchi la pili na anachodai ni nipunguze sauti ya mtangazaji.